Aqua imekataa kutoa READY, skana inasema rilei ya betri kubwa. Kabla ulipe elfu 95 soma hapa

MwanaLanet

Wakuu habari za jioni. Mimi huwa nasoma tu hapa sichangii, lakini hii ya leo lazima niandike juu nimeponea kulipa elfu 95 kwa kitu ya elfu 3 na nusu.

Nina Toyota Aqua ya 2014, ni haibridi (petroli na umeme), naendesha teksi ya mtandaoni hapa Nakuru, Lanet mpaka Milimani mpaka Njoro, haijawahi nisumbua. Jumamosi jioni nikaipeleka ioshwe na ndani pia, mtoto wa abiria alikuwa amemwaga uji kwa kiti cha nyuma, na mnajua vijana wetu wa kuosha gari, ukisema "ndani pia" wanaingiza mpira wa maji kama wanazima moto. Jumapili asubuhi nimevaa suti, nakanyaga breki, nabonyeza pawa, dashi yote inawaka, pembetatu nyekundu, onyo la mfumo wa haibridi, READY (ile taa ya kusema gari liko tayari kwenda) hakuna. Nikajaribu mara 6. Kanisani nilienda na boda.

Kitu moja niliona ingawa siku hiyo sikujua maana yake: ile sauti ya "tak... tak" chini ya kiti cha nyuma, ambayo huwa unaisikia kila ukiwasha, haikuwepo.

Fundi wa kwanza akachomeka skana, ikatoa kodi ya kosa P0ADC, akaniambia bosi rilei (ile swichi ya umeme) ya betri imekufa na hizi huja na betri yake, nunua betri nzima. Elfu 95 na leba iko juu yangu. Nikamwuliza kama amepima kitu yoyote na mita, akaniangalia kama nimemtusi mamake. Skana imesema, yeye ni nani apinge.

Nikampigia binamu yangu, ni fundi umeme kwa kiwanda, magari si kazi yake lakini rilei amezishika maisha yake yote. Alikuja jioni na mita yake na glavu za mpira za 1000 volti, na kabla aguse kitu akakaa kwa ndoo akasoma mchoro wa waya wa Aqua kwa simu karibu saa nzima, mimi nikidhani analala.

Vile alinieleza nitawaeleza hivyo hivyo. Betri kubwa ya Aqua ni moduli 20 zimeunganishwa kwa mstari mmoja, kila moja 7.2 volti, jumla 144. Kati yake na inveta (ile inageuza umeme wa betri uendeshe mota) kuna rilei tatu. SMRB iko upande wa chanya, SMRG upande wa hasi, na SMRP ambayo ni ndogo na ina rizista. Kwa nini ya tatu? Inveta ina kapasita kubwa (vitu vya kuhifadhi umeme kwa muda) ambazo asubuhi ziko tupu, ukizifungulia 144 volti yote mara moja ni kama kufungulia bwawa lote kwa mfereji mkavu, cheche itakayoruka kwa pointi za rilei itaziyeyusha. Kwa hivyo kompyuta inafunga SMRB na SMRP kwanza, umeme unapita polepole kwa rizista, kapasita zikijaa ndio SMRG inafunga na SMRP inaachia. Hizo ndizo tak tak zako za asubuhi.

Sasa hapa ndipo fundi wangu wa kwanza alipotea. Rilei moja ina pande mbili. Kuna koili, ule waya uliozungushwa unaovuta rilei ifunge, hiyo inaendeshwa na 12 volti kutoka kwa kompyuta kupitia kawaya kembamba. Na kuna pointi, hizo ndizo zinabeba moto wa betri kubwa. Kodi za skana (si za KRA) zinatofautisha hizo pande mbili. P0ADB na P0ADC ni sakiti ya kuendesha rilei ya chanya, P0ADF na P0AE0 ya hasi, P0AE6 na P0AE7 ile ndogo ya rizista. Hizo zote zinazungumza juu ya upande wa 12 volti: koili, waya, konekta, ama kompyuta yenyewe. Ukiona P0AA1 ama P0AA4 hiyo ni lugha nyingine, hapo kompyuta inalia kwamba pointi zimeshikana hazifunguki. Mimi nilikuwa na P0ADC peke yake. Yaani hakuna mahali gari lilisema betri ni mbaya, na hakuna mahali lilisema pointi zimeungua.

Akazima gari, ufunguo ukapelekwa mbali kwa nyumba, akatoa terminali hasi ya betri ndogo ya 12 volti, akavaa glavu, akachomoa ile plagi ya chungwa ya betri kubwa AKAIWEKA MFUKONI mwake, akaangalia saa, dakika 10. Akapima kwenye inveta akapata sifuri. Ndio akafika kwa konekta ndogo ya boksi la rilei. Koili ya SMRB ikasoma om 30 na kitu, nzima kabisa. Sasa akapima waya kutoka kwa kompyuta hadi kwa konekta, hakuna mawasiliano. Akachomoa konekta akanionyesha na tochi: pini moja ni ya kijani kama shilingi ya zamani iliyotoka kwa kisima, karibu kukatika. Maji ya Jumamosi yalimalizia tu, kutu ya vile ilikuwa imeanza kitambo, pengine hata kabla gari litoke Japani.

Pini mpya na kipande cha waya, na kukausha kila kitu na feni usiku mzima. Binamu alikataa pesa nikamnunulia mbuzi choma, ile elfu 3 na nusu ni hiyo na vifaa. Kodi zikafutwa, tak, tak, READY. Leo ni siku ya 12 na haijarudi.

---

Dereva_wa_Usiku

Elfu 95 ungelipa alafu betri mpya ichomekwe kwa konekta ile ile na gari likatae bado. Halafu ungeambiwa ni kompyuta, elfu 60 nyingine. Naijua hiyo njia, nimeitembea na Toyota Fielder.

---

omera_K

MwanaLanet asante sana ndugu yangu. Mimi niko Kisumu, Manyatta. Yangu ni Axio haibridi, hiyo P0AA1 umetaja ndiyo ninayo. Ilianza siku nilifanyiwa jampu (kuwashiwa na betri ya gari lingine) na jirani, tangu hapo gari halitoi READY. Je nifuate hiyo hiyo njia ya kupima waya ama?

---

FundiKondele

omera_K simama hapo hapo, usifungue kitu. Yako si kama ya huyu wa Nakuru.

Nimefanya haibridi miaka kadhaa hapa Kisumu, wacha niseme polepole. P0AA1 maana yake kompyuta iliamuru rilei ya chanya ifunguke na ikaona bado moto unapita. Inajua vipi? Gari likizimwa rilei hazifunguki zote pamoja, inafungua moja halafu inaangalia volti kwa inveta, zikikataa kushuka vile inatarajia inajua kuna pointi imeshikana. Ndio maana hii kodi wengi huipata asubuhi ingawa kosa lilitokea jana wakati wa kuzima.

Na pointi hazishikani zenyewe tu hivi hivi. Zinashikana kama zimechomelewa, na kuna kitu kilizichomelea. Ya kwanza ninayoona sana ni mtu kuchomoa terminali ya 12 volti gari likiwa READY, ati anapima kama chaja inafanya kazi, ile tabia tulitoka nayo kwa magari ya zamani. Rilei zinaachia ghafla na mzigo ukiwa bado unapita, cheche inaruka. Ya pili ni betri ndogo kuchoka, koili haipati nguvu ya kushika vizuri, rilei inatetemeka tr-r-r-r na kila mtetemo ni cheche. Ya tatu ni jampu ya waya zilizogeuzwa. Hebu niambie ukweli, nyekundu ilienda kwa chanya?

---

omera_K

...ilikuwa usiku. Jirani alisema anajua.

---

FundiKondele

Haya basi. Anza na fyuzi kubwa na betri ndogo kabla hata ya rilei, kwa waya zilizogeuzwa hizo huumia mapema. Pima 12 volti gari likiwa limelala, inafaa kuwa 12.5 hivi na kuendelea, ikiwa 11 na kitu badilisha kwanza ndio usome kodi tena, juu betri ndogo ikishuka hizi gari hutoa kodi za uongo mpaka ushangae.

P0AA1 ikirudi na betri ndogo nzuri, sasa ni kupima pointi zenyewe. Plagi imetolewa, dakika 10 zimeisha, umethibitisha sifuri. Om mita kwa pande mbili za pointi za SMRB, koili haina umeme: inafaa kuwa wazi kabisa, kuanzia kilo-om 10 kwenda juu. Ukipata om chache ama sifuri imeshikana, mjadala umeisha. Ikiwa wazi, peleka 12 volti kwa koili, itapiga tak, sasa usomaji ushuke chini ya om 1. Ikipiga tak na usomaji haushuki basi pointi zimeungua zikaisha.

Na hapa kuna jambo nataka kila mtu alisome mara mbili. RILEI ILIYOSHIKANA INAMAANISHA NYAYA ZA CHUNGWA ZINAWEZA KUWA NA MOTO HATA GARI LIKIWA LIMEZIMWA. Watu wamezoea kusema gari limezimwa basi nyaya zimelala. Zinalala kwa sababu rilei zimefunguka. Kama ndiyo rilei inakataa kufunguka, unategemea nini? Unategemea ile moja iliyobaki tu.

---

Mwalimu_Kakamega

Samahani mimi si fundi lakini naona hatari. Huu uzi vijana watausoma waende wafungue viti vya nyuma na spana ya babu. Tungewaambia tu wapeleke kwa wataalamu yaishe.

---

FundiKondele

Mwalimu nakuelewa na sikatai. Ila wataalamu ndio hao waliotaka elfu 95 bila kupima. Mimi ninataka mwenye gari ajue kuuliza "umepima koili? umepima pointi?" hata kama mikono yake haitagusa.

Na kwa wale watagusa licha ya sisi kusema: plagi ya chungwa haiui betri. Inakata mstari wa moduli katikati tu. Ndani ya lile boksi kila kipande bado kina volti zake, ukiweka spana kwa moduli za mwanzo na mwisho za kipande kimoja utajua hujui. Glavu jaza hewa, kunja kwa mkono, sikiliza kama inavuja, kila siku kabla ya kazi. Pete na saa nyumbani. Mita iwe ya CAT III (daraja la usalama la mita), si ile ya manjano ya mia tano ya kando ya barabara. Na usifanye peke yako, mtu akae kando ambaye anajua asikushike kwa mkono mtupu ukinaswa.

---

jua_kali_boy

Fundi kuna mkubwa wangu wa kazi hapa tulikuwa na Prius ya mtindo wa 20 ina P0AA4, alichukua mpini wa nyundo akaigonga ile rilei mara mbili, tak, ikaachia, mwenye gari akaondoka anacheka. Hiyo ni mbaya?

---

FundiKondele

Alirudi?

---

jua_kali_boy

Wiki moja na siku 2 😂

---

FundiKondele

Ndio hivyo. Ukiigonga umevunja ule mchomeleo, lakini uso wa pointi umebaki na mashimo na vichuguu, mguso ni mdogo, joto linazidi, itashikana tena na safari hii vizuri zaidi. Ukitaka kugonga gonga ili gari lifike gereji, ukiwa umemwambia mwenyewe ukweli.

Na hamkuuliza nini kiliichomelea. Kwa Prius ya 20 pima rizista ya rilei ndogo, inafaa kusoma karibu om 20. Rizista ikikatika kapasita hazijai, gari linakataa READY na mara nyingi unapata P3004. Ukiweka boksi la rilei la mtumba kutoka Japani pima koili zake na rizista yake mezani kabla ulipie, dakika 5 tu. Koili za rilei kubwa zinacheza om 20 mpaka 50, ya ile ndogo iko juu zaidi. Muuzaji akikataa upime, nunua kwa mwingine.

---

Nyando_driver

Mimi gari lilipita maji Ahero wakati wa mafuriko, sasa linatoa P0AA6. Fundi pia anasema ni rilei.

---

FundiKondele

Hapana. Hiyo ni kuvuja, moto mkubwa unavuja kwenda kwa bodi ya gari. Lakini rilei zinakusaidia kujua unavujia wapi, na hii ndiyo raha ya kuelewa kitu badala ya kukariri. Rilei zikiwa wazi, betri iko peke yake. Zikifunga, inveta, mota na kompresa ya AC zinaingia. Kwa hivyo angalia kodi inakuja saa ngapi. Ikija hata kabla ya READY, angalia upande wa betri, maji na chumvi juu ya moduli. Ikija baada ya READY, angalia mbele. Ikija ukiwasha AC tu, ni kompresa, na hapo niulize nani alikuongezea gesi, juu hizi kompresa za umeme za Toyota zinatumia oili ya ND-11 na fundi wa AC akikuwekea ile ya kawaida inapitisha umeme, koili za ndani zinaanza kuvuja. Hiyo inahitaji mega (mita ya kupima kuvuja kwa umeme) ya 500 volti, mita ya kawaida haitakuonyesha kitu.

---

mama_wawili

Na Honda Vezel jamani? Naona mnazungumza Toyota tu.

---

MwanaLanet

Dada wazo ni lile lile, rilei mbili kubwa na njia ya kujaza kapasita polepole, lakini betri ya Vezel ni lithiamu na namba hizi za om usizichukue hapa, tafuta kitabu cha gari lako. Kodi pia zina vijinamba vya ndani ambavyo skana za bei rahisi za Bluetooth hazionyeshi, hivyo ndivyo vinakuambia ni wapi hasa.

---

Bungoma_Fielder

Wakuu nimesoma yote. Kisa changu kifupi. Fielder haibridi, fundi alitoa betri kusafisha feni na zile bati za kuunganisha moduli, zilikuwa na kutu, kazi nzuri kabisa nilikuwepo. Kurudisha, gari halitoi READY, kodi ni P0A0D. Amesema wakati wa kufungua rilei iligongwa ikafa. Amekubali kugharamia nusu. Nusu yangu ni 48,000.

---

FundiKondele

P0A0D ni ile sakiti ya usalama, si rilei. Kompyuta inaona kuna kitu cha moto mkubwa hakijafungwa vizuri kwa hivyo inakataa kabisa kufunga rilei, na inafanya vizuri. Kofia ya inveta imerudishwa? Konekta za chungwa zote zimekaa? Na ile plagi, mlimalizia kishikio?

---

Bungoma_Fielder

Plagi iko ndani kabisa, nimeivuta haitoki.

---

FundiKondele

Sijauliza kama iko ndani. Kwa hizi Toyota ninazoshika plagi ina hatua tatu. Unaingiza, unageuza kishikio, HALAFU unakisukuma kiteleze mpaka kikae. Hatua ya pili ukiacha hapo plagi imeshika na haitoki, lakini swichi ndogo ya ndani haijafunga. Karibu kila mtu anayefungua betri mara ya kwanza anaacha hapo, mimi pia, 2017, nilitafuta waya siku mbili. Gari lizimwe, vaa glavu, sukuma kishikio.

---

MwanaLanet

Tunangoja.

---

Dereva_wa_Usiku

Nimeweka chai kabisa.

---

Bungoma_Fielder

Wakuu.

Kimeteleza kama sentimita moja hivi, tak. Nikafuta kodi na skana ya kijana wa hapa jirani. Tak tak ya nyuma nimeisikia, READY hiyo, kijani.

Shida ni moja. Fundi alikuwa ameshatuma pesa asubuhi, betri iko kwa basi ilitoka Nairobi saa tatu, na aliyeuza hashiki simu. Kuna mtu hapa kati ya Eldoret na Webuye anatafuta betri ya Fielder haibridi? Mnaweza kuipima kabla ya kulipa.